Laana katika Ndimi za Walimwengu

 Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo mzazi mwenye busara hulizuia ulimini mwake hata anapokuwa katika ghadhabu kubwa, na ambalo mtu mzima huliogopa kuliko fimbo, nalo ni kulaaniwa. Nimependa tulitazame kwa namna linavyotajwa na mataifa mbalimbali, wala si kwa ajili ya kujipamba kwa maneno ya kigeni, bali kwa sababu mtu anayetaka kulifasiri aghalabu hufungua kamusi, akakuta neno moja limeelekezwa kwa neno moja, akaridhika. Na katika kuridhika kwake huwa amehamisha tamko na kuiacha maana pale ilipokuwa, kwani watu wa ulimwengu hawakubaliani juu ya linalompata aliyelaaniwa, wala juu ya mwenye haki ya kulaani, wala juu ya njia ya kumtoa mtu katika laana. Rai yangu ni kwamba hakuna aliyelifasiri neno hili sawasawa mpaka amejua laana ile yatoka kwa nani, ni kwa kosa gani, na huondoka kwa mkono wa nani.

Na tuanze nyumbani. Neno laana tumelipokea kutoka Kiarabu, na wanavyuoni wa lugha hiyo husema kuwa asili yake ni kufukuza na kuweka mbali na kheri; mlaaniwa, basi, ni mtu aliyetolewa nje ya rehema. Ndivyo lilivyotumika katika kisa cha Ibilisi katika Sura ya Al-Hijr ya Kurani, alipokataa kumsujudia Adamu: aliamriwa atoke, akaitwa rajimu, yaani mwenye kupigwa mawe, kisha akaambiwa kuwa laana i juu yake mpaka Siku ya Malipo. Pamoja na dini ya Kiislamu neno hili lilisafiri mbali sana. Wahausa walilichukua, Waturuki wakasema lanet, wenye kusema Kiurdu wakasema laanat, na Wamalay, ambao ndimi zao hazikuizoea herufi ya ain, waliigeuza kafu, wakasema laknat. Sisi wa pwani tuliiyeyusha ain ile ndani ya irabu, tukaivuta a, likawa laana. Mfasiri anayetembea baina ya lugha hizi ana kazi nyepesi, kwa kuwa shina ni moja na Kitabu ni kimoja, na mtu wa Kano, wa Lamu na wa Java wakilitamka neno hili, kila mmoja kwa lafudhi yake, wote humwona mtu yule yule aliyetolewa nje.

Lakini akivuka kwenda kwa Warumi mambo hubadilika. Katika Kilatini kulaani ni maledicere, yaani kusema vibaya, na kutokana na neno hilo Wafaransa wamepata maudit, Wahispania na Wareno maldito, Waitalia maledetto. Hata Waairish na watu wa Wales, ambao lugha zao si watoto wa Kilatini, walilipokea, wale wakasema mallacht na hawa melltith. Huku mlaaniwa si mtu aliyefukuzwa bali ni mtu aliyesemwa, na balaa yake imeanzia kinywani mwa mtu. Warusi wana njia nyingine: kiapo kwao ni klyatva na laana ni proklyatie, maneno ya shina moja, na hili Mswahili hahitaji kufafanuliwa, maana sisi nasi kutokana na kuapa tumepata kuapiza. Waajemi, mbali na lile neno la Kiarabu, wana neno lao la kale, nefrin, ambalo ni kinyume cha afrin, sifa na baraka. Waebrania wana maneno kadhaa, na moja katika hayo, qelala, limetoka katika shina lenye maana ya wepesi, hata mlaaniwa akawa ni mtu aliyeondolewa uzito wake mbele ya watu akabaki hafifu. Na Wajapani huandika noroi, ambayo ni laana, na majinai, ambayo ni uganga wa kujikinga au kujiponya, kwa herufi moja ile ile ya Kichina, na msomaji hupambanua kwa mwenendo wa habari. Mtu aliyefukuzwa, mtu aliyesemwa, mtu aliyeapiwa, mtu aliyepunguziwa uzito: hawa si mtu mmoja, ijapokuwa kamusi huwalaza wote kitanda kimoja.

Tukitaka kujua kwa nini hawa si mmoja, na tutazame laana inapofanya kazi yake, nayo hufanya kazi hasa pale mtu anapodhulumiwa asione hakimu wa kumwendea. Katika mji wa Bath, nchini Uingereza, iko chemchemi ya maji ya moto ambayo Warumi waliijengea hekalu la Sulis, mungu wa kike wa watu wa pale, waliyemlinganisha na Minerva wao. Katika miaka ya 1979 na 1980 wachimbuaji wa mambo ya kale walitoa ndani yake vipande vyembamba vya madini ya risasi, takribani 130, vilivyochorwa maneno kwa ncha kali, vingi vikiwa vimekunjwa, vilivyotumbukizwa majini na watu walioibiwa; huyu kaibiwa joho, yule nguo za kuogea, mwingine glavu zake. Mmoja wao, aliyeitwa Docilianus, alimshitakia Sulis mwizi wa joho lake lenye kofia, na kwa kuwa hakumjua aliyataja makundi yote ili asiponyoke, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au muungwana, akataka anyimwe usingizi na watoto mpaka ailete nguo ile hekaluni.

Mswahili akiyasikia haya hakosi kuikumbuka halbadiri, kisomo ambacho ndani yake hutajwa majina ya watu waliopigana pamoja na Mtume katika Vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, yaani 624 wa Miladi. Aghalabu aliyeibiwa hatii udi chetezoni siku ile ile. Kwanza huvumisha habari mtaani kwamba halbadiri itasomwa siku fulani iwapo kitu chake hakitarejea, na mara nyingine alfajiri hukikuta kizingitini, kimewekwa na mkono usiojulikana. Maulamaa wamehitilafiana juu ya uhalali wa kisomo hiki kwa nia hiyo, nami sikuja kuwaamulia. Ninalotaka tulizingatie ni neno moja dogo lililomo katika risasi ya Bath na katika tangazo la mtaani kwetu, nalo ni mpaka. Laana ya aliyeibiwa ina sharti na ina kikomo. Imefunga kwa ajili ya kurejesha, na mali ikirudi imekwisha kazi yake. Mfasiri atakayeandika kwamba mwizi wa joho amelaaniwa, akakomea hapo, atakuwa amemhukumu milele mtu ambaye mwenye joho mwenyewe alimwachia njia ya kutoka.

Iko laana nyingine ambayo mtu hujielekezea nafsi yake kwa hiari, na hiyo hudai mfasiri makini zaidi. Katika Sura ya An-Nur imewekwa hukumu ya liani, ambayo jina lake lenyewe limetoka katika shina la laana: mume anayemtuhumu mkewe kwa zinaa na hana mashahidi huapa kwa Mwenyezi Mungu mara nne kwamba asema kweli, na mara ya tano husema laana ya Mungu iwe juu yake ikiwa ni mwongo, naye mke, ili ajiepushe na adhabu, huapa mara nne kwamba mume amesema uongo, na mara ya tano husema ghadhabu ya Mungu iwe juu yake ikiwa mume ni mkweli. Mume amepewa laana, mke amepewa ghadhabu. Wafasiri wa Kurani wameandika mengi kueleza hikima ya tofauti hii, na mwenye kuihamishia aya kwenye lugha yoyote hana ruhusa ya kuyafanya maneno haya mawili kuwa moja kwa sababu tu moja lingependeza zaidi sikioni.

Wafasiri wa Biblia nao walilikabili jambo hili mapema mno katika lugha yetu. Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alipoanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844, sura zilizotangulia kuchapishwa, mwaka 1847, zilikuwa tatu za mwanzo, na katika ya tatu nyoka analaaniwa na ardhi inalaaniwa. Kwa hiyo neno hili ni miongoni mwa mizigo ya kwanza kabisa ambayo Kiswahili kilitakiwa kuibeba katika kazi ile. Mzigo mzito zaidi, hata hivyo, umo katika kitabu cha Ayubu. Mkewe Ayubu, alipomwona mumewe amekaa katika majivu na majipu mwili mzima, alimshauri amwambie Mungu neno baya kisha afe. Lakini maandishi ya Kiebrania hayakuliandika neno lile baya, bali yameweka mahali pake neno la kubariki, kwa kuwa waandishi wale waliona ni mwiko kalamu kuweka laana na jina la Mungu mahali pamoja. Mfasiri wa neno kwa neno angeandika kwamba mwanamke yule alimwambia mumewe ambariki Mungu, na msomaji angepotea. Wafasiri wengi wa Ulaya waliandika kulaani. Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, haikuandika kubariki wala kulaani. Imeandika kukufuru, nami naona walipatia sana. Kwa Mswahili laana hushuka, haipandi; mja hana laana ya kumfikia Muumba wake, na akijaribu, alilolifanya lina jina lake, nalo ni kufuru.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yangu, yaani haki ya kulaani. Wahenga walisema kwamba dua la kuku halimpati mwewe, na methali hii hutumiwa kila siku kwa kumdharau mnyonge anayelalamika, lakini ndani yake mna kanuni ambayo mataifa mengi yameifuata: si kila kinywa kinaweza kulaani, na si kila aliyetajwa amepatikana. Katika Taurati, Balaki mfalme wa Moabu alimwita Balaamu kwa ujira ili awalaani Waisraeli, na kila Balaamu alipofumbua kinywa ilitoka baraka, kwa sababu Mungu hakuwa amewalaani. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, Mtume amesimulia kwamba laana inapotamkwa hupanda mbinguni ikakuta milango imefungwa, ikashuka ardhini ikakuta milango imefungwa, ikaenda kuume na kushoto isipate pa kupita, kisha ikamwendea aliyelaaniwa ikiwa anaistahiki, na asipoistahiki humrudia aliyeitamka. Hakuna fasili ya laana iliyo kamili zaidi ya hii, kwa kuwa inatufundisha kwamba laana bila ya kosa haina mahali pa kukaa.

Basi ni nani kwetu mwenye haki hiyo? Wa kwanza katika binadamu ni mzazi, na hasa mama. Lakini sikilizeni kwa makini jinsi tunavyolieleza jambo hili katika lugha yetu, maana huenda tumelizoea hata hatulioni tena. Mtu ambaye kila alishikalo humvunjikia mkononi, ambaye anaoa na kuacha, anapanda na havuni, wazee hawasemi daima kwamba amelaaniwa. Husema kwamba hana radhi ya mama. Mama yule yamkini hakutamka neno hata moja. Hakumtaja Mungu, hakupiga ardhi, hakuapa kwa tumbo lililombeba mwanawe wala kwa ziwa lililomnyonyesha; alinyamaza tu, akaingia chumbani, na moyo wake ukabaki na donge. Kijana akasafiri bila ya kumuaga, akaenda zake Muskati au London, akapata mali au asipate, na kila akipatwa na jambo ndugu zake hukaa wakaulizana kama alikwisha kumwomba mama radhi. Na siku ya kuomba ikifika hapahitajiki mganga wala chano cha ubani: kijana hupiga magoti mbele ya mama, humshika miguu, husema niwie radhi mama, naye akisema nimekuwia radhi mwanangu, jambo limekwisha.

Nauliza: hali hii tutaifasiri kwa neno gani? Mfaransa ana maudit, lakini neno lake lamdai mtu aliyesema vibaya, na huku hakuna aliyesema. Mrusi ana neno la kiapo, na huku hakuna aliyeapa. Hata laana ya Kiarabu haitoshi, kwa kuwa kijana hakufukuzwa. Amepungukiwa tu na kitu ambacho bila yake mengine yote hayana ladha, na ndiyo sababu wahenga wakasema radhi ni bora kuliko mali. Majirani zetu nao wanayo mapambanuo yao. Wakikuyu hutofautisha kirumi, laana ya kutamkwa, inayotisha zaidi ikiwa imetoka kwa mzazi anayekata roho kwa sababu aliyeifunga ameondoka nayo, na thahu, najisi inayompata mtu kwa mfano kwa kugusa maiti, ambayo haikutamkwa na yeyote na huondolewa kwa utakaso wa mila. Waluo wana chira, udhoofu unaomla mtu aliyevunja miiko ya jamaa, na dawa yake ni mitishamba ya mila iitwayo manyasi, si kubishana na adui. Waganda husema ekikolimo, Wanyarwanda umuvumo, Wachewa temberero, Wasomali habaar, na kila neno katika haya lina wazee wake wanaojua nani hulifunga na nani hulifungua. Mfasiri asiyewauliza wazee wale atarudi na ganda.

Na haya si mambo ya wanavyuoni peke yao, wasikilizaji wangu, kwa sababu katika siku hizi neno laana limeanza kutumika ovyo, na matumizi haya ya ovyo yanaumiza watu. Sehemu moja ya kosa ni ya sisi tunaofasiri. Kiingereza kwa neno lake moja, curse, huelezea laana ya mzazi, na matusi ya mlevi, na nyumba isiyokalika, na timu isiyoshinda, na meli iliyozama. Nasi, katika filamu na magazeti, kila tulipolikuta tumelijibu kwa laana. Lakini Kiswahili hakikuwa maskini hivyo. Jambo baya lisilo na mtendaji ni mkosi; siku au kitu kinachofuatwa na mabaya ni nuksi; anayeleta ugomvi kila aingiapo ni kisirani; lililoteremka kwa wote ni balaa; lililomfika mtu akaliliwa ni msiba; la ulimi mchafu ni tusi. Haya yote hayamtuhumu mtu. Laana humtuhumu, kwa kuwa anayesikia kwamba fulani amelaaniwa huuliza papo hapo amefanya nini.

Tazameni basi tunachokifanya tunapolitupa neno hili juu ya asiyefanya kitu. Mtoto huzaliwa na ualbino, na majirani husema kuna laana katika nyumba ile. Baba huondoka, akimshutumu mama, na mama hubaki na mtoto na neno. Ukweli ni kwamba ualbino hurithiwa kwa vinasaba kutoka pande zote mbili, kwa baba sawasawa na kwa mama, ambao wenyewe rangi yao yaweza kuwa ni ya kawaida, hata yule anayeondoka kwa kumkimbia aliyelaaniwa anakuwa ameukimbia urithi aliouchangia mwenyewe. Katika nchi zetu watu wa hali hii wamewindwa, wamekatwa viungo na wameuawa, na kabla ya panga kuinuliwa neno lilikuwa limekwisha kutangulia, likawatoa katika hesabu ya watu. Ndivyo lisemwavyo pia juu ya mke asiyepata mtoto, na juu ya mjane aliyezika waume wawili, na juu ya mtoto asiyetembea. Wapi kosa lao? Ni mzazi gani waliyemvunjia radhi, ni mali gani waliyoiba, ni kiapo gani walichokiapa kwa uongo? Hakuna, na pasipo na kosa hapana laana, kwa hukumu ya hadithi niliyowatajia, na kwa hukumu ya mila zetu wenyewe, ambazo katika laana zake zote zilitaka kwanza ijulikane dhuluma iliyotendeka na aliyedhulumiwa.

Kwa hiyo nawasihi walimu, waandishi wa habari, wafasiri wa filamu na vitabu, na kila mzazi anayezungumza mbele ya watoto, tulirudishe neno hili mahali pake. Likija kwenu kutoka lugha yoyote, msifanye haraka ya kuliandika. Ulizeni nani aliyelaani na haki yake ni ipi, ulizeni kosa, ulizeni njia ya kutoka. Mkiyapata majibu, mtajua wenyewe kama mbele yenu mna laana, au apizo, au kukosa radhi, au mkosi tu ambao hauna wa kulaumiwa. Na kwa mwenye kulitamka juu ya mtoto asiye na hatia, nasema bila ya kificho kwamba huyo hakulaani mtu wala hakueleza jambo: amesema uongo, na uongo ule umemdhulumu kiumbe wa Mungu, na aliyedhulumiwa ndiye ambaye milango ya mbinguni haifungwi mbele ya dua yake.